Macho ya Mwethya

Pembeni mwa skrini, juu kabisa mkono wa kulia, palikuwa na kijicho chekundu, na kando ya kijicho palikuwa na namba. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla Lavender. Mdomo wake ulikuwa unatangaza kama kawaida, sauti inapanda na kushuka, lakini kila baada ya muda macho yalichomoka yakaenda kule pembeni, kama ya mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Sasa angalieni hapa, watu wangu," alisema kwenye maikrofoni. "Huyu jamaa wa mtaa wa Olympic amejenga ukuta wa mawe, ukuta safi, hata landlord wako hawezi kukujengea hivyo. Lakini ghala lake liko wapi? Liko nje. Yaani umefunga mlango na kufuli kubwa, unga ukaacha kwa dirisha. Huyu leo atalala njaa."

Mchezo unaitwa Himaya. Kwa asiyeujua, ni gemu ya kompyuta ya watu wawili. Kila mmoja anapewa kijiji chenye watu wachache, halafu anajipanga. Atume watu shambani au msituni kukata mbao? Aanze na ghala au na ukuta? Aandike wanajeshi mapema, au avumilie mpaka ashibe? Mwenye kupanga vibaya anamwona adui mlangoni na yeye hana hata fimbo. Wapo wanaosema huo ni mchezo wa watoto. Waacheni na ujinga wao.

Lavender, msichana wa Lindi kule Kibera, ndiye aliyekuwa akiutangaza kwa Kiswahili hiki chetu cha Nairobi, kila Jumamosi alasiri, kutoka chumba kimoja Kawangware. Sura yake haikuonekana popote. Watu walipata sauti tu. Chumba kilikuwa cha Wangoi, mama mwenye ploti kadhaa na biashara ya kuuza intaneti nyumba kwa nyumba, Kawangware mpaka Kibera. Wangoi alimlipa Lavender ili katikati ya mchezo amwambie mtazamaji kwamba intaneti ya uhakika ni ya Mama Muchiri, jina ambalo mtaa mzima ulimwita Wangoi. Mwaka uliopita kijicho kilikuwa kikisoma watazamaji elfu na ushee. Jumamosi hii kilikuwa kimekwama kwenye mia mbili.

"Hii gemu imekufa, Lavi," alisema Muchiri, kijana wa Wangoi, aliyekuwa akishughulikia mitambo, maikrofoni ilipozimwa kwa mapumziko. "Watu wamehamia zile za kupiga risasi. Nani siku hizi ako na saa mbili ya kuangalia mtu akipanda mahindi?"

"Haijakufa."

"Basi iko ICU. Si mimi nasema, ni namba."

Ubishi huo ulikuwa umeenea. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, vijana walikuwa wakigombana: Himaya inakua, Himaya inakufa. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa rafiki yake. Lakini rafiki ya mtu hamlipi Lavender. Anayemlipa ni Wangoi, na Wangoi alikuwa amesimama mlangoni.

"Simama kidogo," Wangoi alimwambia, akakalia kiti chenyewe, kile cha kuzunguka. Lavender akavuta kreti tupu la soda akalikalia, magoti yakamfika kidevuni. Muchiri akajifanya anatafuta waya.

"Wewe msichana unaongea vizuri," Wangoi alisema. "Hilo sikatai. Lakini mimi siuzi maneno, nauza intaneti. Watu wakipungua hapo kwa hiyo jicho, nawalipia nini? Jumamosi ijayo ni fainali, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama Muchiri."

"Ikipanda, tutaongea. Isipopanda, hapa naweka kuku wa mayai. Kuku haitaki watazamaji."

Aliinuka, akaondoka, na kile kiti akakisukuma mbele yake mpaka nje. Alikuwa na mkutano wa wapangaji. Lavender alimalizia matangazo akiwa juu ya kreti, na sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Ningependa mjue hilo.

&nbsp;

Nyumbani Lindi, baba yake alikuwa bado na unga wa mbao kwenye nyusi. Musembi ni fundi wa vitanda na mabenchi, mtu wa Kitui asiyependa maneno mengi, na akiyatoa yanakuwa yameshapigwa randa. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, akinawa mikono polepole kwenye karai.

"Kwa hivyo wanapungua," alisema.

"Wanapungua, Baba."

"Na hujui kwa nini."

"Sijui. Wengine wanasema gemu ndio inakufa. Wengine wanasema ni mimi nimezoeleka. Mimi naona natangaza vizuri kuliko mwaka jana."

"Kitu ikipungua na hujui kwa nini, hiyo ni shimo. Huwezi kusimama juu ya shimo, mwanangu." Musembi alikata ugali. "Rafiki yangu Mutuku amenishikia nafasi ya kushona kwenye kiwanda cha nguo pale Athi River. Anatafutwa na watu kila siku kwa hiyo nafasi. Nitamwambia tungoje hiyo Jumamosi. Huyo mama akikuweka, sawa, kaa. Asipokuweka, Mutuku anakuja na pikap yake hiyo hiyo jioni, unaenda, Jumatatu unaanza."

"Baba, nikishona nitaongea na nani?"

"Na cherehani."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amewahi kumwona mtu akifa njaa na kipaji chake kikiwa kizima. Lavender aliangalia sukuma wiki kwenye sahani, akaona imekuwa nyingi ghafla.

Mama yake, Kalekye, alikuwa akisugua sufuria mlangoni na hakugeuka. Kalekye huuza muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, kando ya njia ya Lindi, na mdomo wake huuza zaidi kuliko mwiko. Jioni hiyo alikuwa kimya, na mumewe akadhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Kalekye alikuwa na jambo lake, na jambo hilo alikuwa ameapa binti yake asilijue.

Maana Lavender, alipoanza kutangaza, alimwambia mama yake, "Mama, tafadhali usiangalie. Nikijua unaniangalia, nitachanganyikiwa." Kalekye aliumia, akameza. Kisha akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya: akaangalia kwa siri. Na baada ya hapo akafanya kile ambacho Mkamba peke yake angefanya: akaita mwethya.

&nbsp;

Mwethya ni kazi ya mmoja kufanywa kwa mikono ya wengi. Mwenzako ana nyumba ya kukandika, mnakwenda wote mnakandika. Ana harusi, mnapika wote. Kesho ni zamu yako. Mwethya wa Kalekye ulikuwa wa wanawake wa Kitui na Machakos waliopanga Lindi, na mwenyekiti wake alikuwa Ndunge, mwanamke mnene mwenye runinga kubwa na sheria kubwa zaidi. Sheria ya kwanza ya Ndunge ilikuwa hii: ukiingia kwa mwethya, simu unaizima, unaiweka ndani ya kiondo kilichotundikwa kwenye msumari. Zamani simu ziliwahi kuharibu mwethya. Mmoja anachota maji, watano wanacheka na skrini. Tangu hapo, kiondo.

Miezi michache nyuma, Kalekye aliwaambia, "Mtoto wangu ako na kazi ya kutazamwa. Kazi yake ni macho. Mimi nina mawili tu. Nisaidieni."

Wakasaidia. Jumamosi ya kwanza walikaa kwa Ndunge, simu zote kiondoni, runinga moja imewashwa, wanawake ishirini wanakunja uso mbele ya kijiji cha watu wadogo wadogo wanaokimbia. Hawakuelewa kitu. Kisha sauti ya Lavender ikasema, "Huyu amepeleka wanaume wote vitani, shamba ameachia nani?" Na mwanamke mmoja aliyeachwa na mume aliyekwenda kutafuta kazi Mombasa akasema polepole, "Ati ameachia nani." Kuanzia hapo hakuna aliyenyanyuka kwenda kuepua chochote.

Walikuwa wanawake waliojua ghala tupu ni nini. Walijua ukuta, walijua kuni, walijua kungoja mvua wakati jirani ameshapanda. Waliona kijana wa Olympic akiuza ng'ombe ili anunue mikuki, na wakaguna pamoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shemeji aliyewahi kufanya hivyo. Ndunge alisema hajaona kitu kama hicho tangu azaliwe: vita vizima, njaa nzima, mvua nzima, ndani ya kioo, na mtoto wa Kalekye anavisoma kama mtu anayesoma Zaburi.

Habari ikatembea. Watoto wao, ambao zamani kila mmoja alikuwa akiangalia kwa simu yake, wakaona hakuna haja ya kuchoma bando na kwa Ndunge kuna runinga. Wakaja. Wapangaji wakaja. Majirani wa Soweto West wakaona wivu, wakaanzisha mwethya wao kwa fundi wa redio. Watu waliongezeka, runinga zikawa chache, simu zikajaa kiondoni.

Mimi ningekuwepo ningemvuta Kalekye pembeni nimwambie: mama, lile jicho halihesabu macho, linahesabu simu. Runinga moja ni mtu mmoja, hata wakikaa mbele yake watu mia. Lakini sikuwepo. Kila mtazamaji wa simu aliyevutwa na mapenzi ya Kalekye alikuwa amezima simu moja, na kule Kawangware namba ilikuwa imeteremka kwa moja.

Asubuhi baada ya maneno ya Athi River, Kalekye alikwenda kwa Ndunge kabla hajabandika muthokoi.

"Macho hayatoshi," alisema. "Wanasema watazamaji wamepungua."

"Wamepungua wapi? Jana nilikosa pa kuweka mguu ndani ya nyumba yangu."

"Hata mimi nashangaa. Lakini mtoto hawezi kunidanganya. Ataenda Athi River, Ndunge. Ataenda akashone mashati ya watu kimya kimya, sauti yote ile."

Ndunge alifikiri. "Basi tuongeze. Kawangware kuna watu wetu, wale wa sokoni. Mutie mwenye bucha ana runinga ya ukutani. Tukiwapata wale wote wakae pamoja, hakuna mtu atasema watu wamepungua."

Na Kalekye akalia kidogo, kwa furaha.

&nbsp;

Fainali ilikuwa kati ya Gikonyo wa Olympic, yule wa ukuta mzuri, na Becky, msichana wa Machakos ambaye hakuna aliyemjua mpaka alipowafunga wote. Mechi zilikuwa tatu, mshindi ni wa mbili.

Lavender alikuta chumba kimeshaanza kubadilika. Vizimba viwili vya waya vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Kiti cha kuzunguka hakikurudi. Alivuta kreti lake la soda, akavaa vipokea sauti, akaangalia kijicho.

Tisini.

"Ndio inaanza," Muchiri alisema kwa huruma. "Ngoja watu waingie."

Watu hawakuingia. Mechi ya kwanza ilipofika katikati, kijicho kilisoma hamsini. Gikonyo aliposhinda, kilisoma thelathini. Ya pili ilipoanza, Wangoi aliingia, akasimama nyuma ya Lavender akiwa amekunja mikono, na kijicho mbele yao wote wawili kikasoma kumi na tisa. Aliangalia vile vizimba tu, kama anayepima.

Lavender aliona hayo yote. Basi, alijiambia. Watu kumi na tisa nao ni watu. Akasogea karibu na maikrofoni.

"Watu wangu," alisema, "mmebaki wachache, na nyinyi ndio wenyewe. Becky amepigwa mechi moja. Hana ukuta. Hana farasi. Lakini angalieni anafanya nini na mto. Gikonyo anadhani mto ni mpaka. Becky anajua mto ni barabara. Wanaweka mitumbwi, wanapita chini ya ukuta, polepole, usiku wa gemu, hakuna mbwa amebweka... na wako ndani. Wako ndani ya ghala."

Akanyamaza apumue. Na kutoka nje, mbali kidogo, juu ya mabati ya Kawangware, ukatoka mngurumo.

Muchiri aliinua kichwa. "Kuna mechi ya mpira leo?"

"Hakuna," alisema Wangoi.

Matangazo ya namna hii hayamfikii mtu papo hapo. Lavender akisema neno, linazunguka huko linakozunguka, na linatoka kwenye skrini ya mtazamaji baada ya muda wa kumeza tonge. Lavender alilijua hilo vizuri. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Gikonyo ameshtuka. Anarudisha wanajeshi. Amechelewa. Ghala linaungua."

Alingoja. Wangoi pia aliganda.

Mngurumo ukaja. Safari hii ulikuwa na vigelegele ndani yake, vya wanawake wengi kuliko kumi na tisa, na ulitetemesha waya za vizimba vya kuku.

"Ni nini hiyo?" Wangoi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Lavender alishika maikrofoni kwa mikono miwili. "Kama mnanisikia," alisema, "pigeni makofi matatu."

Wakangoja wote watatu, mama mwenye ploti, mwanawe, na msichana aliyekalia kreti. Kisha makofi yakaja, matatu, makubwa, yanaenda pamoja, kutoka upande wa sokoni. Muchiri alikaa chini sakafuni. Kijicho pembeni mwa skrini kilikuwa bado kinasoma kumi na tisa.

&nbsp;

Becky alishinda ya pili, na kabla ya mechi ya tatu kulikuwa na mapumziko. Wangoi na Lavender walitoka karibu wakikimbia. Hawakufika mbali. Sauti ilitoka kwenye ua wa ploti ya nyuma ya bucha ya Mutie, na ploti hiyo ilikuwa ya Wangoi mwenyewe.

Walisimama langoni. Ua wote ulikuwa watu. Walikuwa juu ya viti vya plastiki, juu ya mitungi ya maji, juu ya magunia ya makaa, wengine kwenye ngazi za chuma za ghorofa ya pili, miguu inaning'inia. Kulikuwa na wauza nyanya wa sokoni na aproni zao, mafundi viatu, akina baba wa kanisa waliovaa koti. Mbele yao, juu ya meza ya kukatia nyama, ilikuwa runinga ya Mutie. Na kwenye msumari wa mlango palitundikwa viondo, sio kimoja, vimefura simu hadi kamba zikavutika.

Lavender hakuwa amewahi kuona watu wanaomsikiliza. Miaka yote hiyo alikuwa akiongea na namba. Sasa ile namba ilikuwa na migongo, na vilemba, na mtoto anayenyonya bila kuutazama mchezo. Alisogea mbele aone vizuri, akasimama mbele ya ajuza mmoja aliyekaa kwenye kigoda.

"Wewe, toka hapo, unatuziba," ajuza alisema. "Ujana gani huo."

"Pole, susu," Lavender alisema, akimwita bibi kwa Kikamba.

Ajuza aliposikia sauti hiyo aliinua uso. Wanawake wa mbele waligeuka. Waliobaki waligeuka kwa sababu wale wamegeuka. Ua mzima, mpaka ngazini, watu wakamwangalia msichana mwembamba wa sketi ya denimu kama wanaoangalia redio iliyoota miguu.

"Sema tena," ajuza alinong'ona.

"Niseme nini, susu?"

"Ndiye," ajuza aliwaambia wengine. "Ni yeye." Akashika mkono wa Lavender kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza, akaangalia kiganja, kana kwamba sauti ilikuwa inatokea hapo.

Ndipo Kalekye alipojitokeza kutoka kando ya runinga, kitambaa kimemwanguka begani. Uso ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

"Mama?"

"Uliniambia nisiangalie," Kalekye alisema. "Sikuangalia peke yangu."

Wangoi alikuwa ameshafika kwenye viondo. Alitia mkono, akatoa simu moja, imezimwa. Akatoa nyingine, imezimwa. Aliangalia simu, akaangalia watu, akaangalia mlango wa ploti yake.

"Ni kila Jumamosi mnafanya hivi?"

"Hapa ni leo tu," Kalekye alisema. "Lakini Lindi ni miezi. Na Soweto West. Tulisikia watazamaji wamepungua, tukaongeza."

"Mliongeza." Wangoi alicheka kicheko kikavu. "Mama, ile kitu inahesabu simu. Nyinyi wote hapa ni mtu mmoja."

Kalekye hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliangalia viondo, midomo ikawa inahesabu miezi. "Ina maana ni mimi," alisema. "Ni mimi nimemwangusha mtoto wangu. Kwa mikono yangu."

"Hapana, Mama," Lavender alisema, lakini mama yake alikuwa ameshapanda juu ya gunia la makaa.

"Chukueni simu," aliwaambia watu. "Kila mtu achukue yake awashe, aangalie hapo. Ni mtoto wangu ataenda Athi River. Nawaomba."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Viondo vilipita mkono kwa mkono. Skrini ndogo ndogo zikawaka uani kote, na wale wa ngazini wakainua zao juu. Muda si muda Muchiri akatoa kichwa kwenye dirisha la nyuma la chumba cha matangazo akapaza sauti, "Inapanda. Mia moja. Mia moja na hamsini. Lavi, inapanda, na mechi imeanza, rudi."

Lakini Lavender hakuweza kubanduka. Kwenye runinga mechi ya tatu ilikuwa imeanza kweli, na ilianza kwa namna ambayo hajawahi kuona. Becky hakujenga chochote. Alikuwa amewachukua watu wake wote, wakulima, wakata kuni, mpaka wa mwisho, na kuwatembeza kwenye theluji kuelekea mlango wa Gikonyo. Ajuza alimvuta Wangoi na kumkalisha kando yake kwenye benchi. "Huyo wa blu ni wetu wa Machakos," alimweleza. "Ameacha moto bila mtu. Hiyo ni kufa au kupona." Wangoi alikunja uso, kisha akainama mbele. Wale watu wadogo wa buluu walifika mlangoni. Mmoja aliinua shoka.

Picha ikaganda.

Shoka lilibaki hewani. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya runinga. Simu zote nazo ziliganda, kila moja na kiduara chake, maana zote zilikuwa zinanyonya kwenye ule mrija mmoja wa intaneti ya Mama Muchiri.

"Mia mbili," Muchiri alipiga kelele kutoka dirishani, amefurahi. "Mia mbili na thelathini, mathe, iko juu kuliko wiki jana."

Watu waliguna. Mtu mmoja alipiga runinga kofi. Ajuza alifumba macho akasema hawezi kungoja, moyo wake ni mzee. Kalekye, juu ya gunia, alikuwa amefumbata mikono na kuangalia uso wa Wangoi, uso peke yake.

Wangoi alikuwa anaangalia shoka. Alingoja. Akapangusa mdomo. Akasimama.

"Zimeni hizo simu," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema zimeni. Rudisheni kwa kikapu. Mtu anataka kuona huyo msichana amefanya nini na hiyo mlango."

"Na namba, Mama Muchiri?" Lavender aliuliza.

"Namba gani? Wewe bado uko hapa? Enda ukatuambie kinaendelea nini, sisi wengine hatuelewi mambo ya blu na nyekundu." Akakaa tena, akamwegemea ajuza. "Na Muchiri atoe hizo vizimba zangu kwa chumba cha huyu mtoto."

Simu zikazimika, moja moja, kisha kwa wingi, na ua ukarudi kwenye mwanga wa jioni. Lavender aligeuka kukimbia, na langoni akakuta njia imezibwa na sanduku lake mwenyewe. Juu ya sanduku alikuwa amekaa baba yake.

Musembi alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Alikuja kama walivyopatana, na nguo za binti yake, ili asipowekwa kazini apande pikap. Haikujulikana amekaa hapo tangu lini. Alikuwa hajawahi kumsikiliza akitangaza, hata siku moja.

"Baba. Pikap iko wapi?"

"Iko nje."

"Na Mutuku?"

Musembi alielekeza kwa kidevu. Mbele kabisa, karibu na meza ya nyama, mtu mmoja wa shati la kazi alikuwa ameinuka nusu, mikono kichwani, akilisihi lile shoka lishuke.

"Nilimwambia twende," Musembi alisema. "Amesema ngoja waingie." Alisogeza miguu akampa binti yake njia, akabaki amekaa juu ya sanduku. "Wangapi hawa, Lavender?"

"Jicho linasema ni mmoja, Baba."

Musembi aliuangalia ule ua, ngazi hadi ngazi. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyapangusa.

"Enda," alisema. "Usimweke huyo mmoja akingoja."

Lavender alikimbia. Alikalia kreti la soda, akavaa vipokea sauti, na pembeni mwa skrini kijicho kilikuwa kinateremka bila haya: mia, arobaini, kumi na tisa, kumi na nne. Akachukua kipande cha plasta kilichoshikilia waya wa maikrofoni, akakibandika juu ya kijicho.

"Watu wangu," alisema. "Mlango unavunjika."

Akanyamaza, akangoja mabati yamjibu.